Sweta ya Kibwezi

Jumanne nilikuwa kwa hoteli moja Kibwezi, nakunywa chai huku jasho linanitiririka. Meza ya pili, waandishi wawili wa programu, mwanamume na mwanamke, walikuwa wameinamia kompyuta yao.

"Huu mstari hautumiki," mwanamume akasema, kidole tayari kwa kitufe cha kufuta. "Kompyuta inalalamika tu."

Mwanamke akamshika mkono. "Hautumiki kwa hii mashine. Kwa ile ya kliniki ya Kikima, bila huo hakuna mtandao. Uliufuta wiki jana, wagonjwa wakashinda kwa foleni!"

"Na haya makelele?"

Mwanamke akaongeza neno moja kando ya mstari. "Nimeiambia kompyuta huu mstari huenda usitumike, lakini uachwe." Kompyuta ikanyamaza. Wakaagiza chapati.

Mimi nikatazama begi langu. Asubuhi nilimlalamikia mama watoto kwa kunipakia sweta nzito kwa jua hili la Kibwezi. Hakubishana. "Huenda usiivae," alisema. "Ibebe tu."

Naandika haya nikiwa Kikima, safari iliponifikisha, huku juu kwenye baridi ya milima. Nimefunga vifungo mpaka shingoni, na silalamiki.