Birika la Wekesa

Asubuhi wamenipigia simu wakisema Wekesa ameenda. Nimewauliza mara tatu, Wekesa gani? Hata saa hii moyo unakataa.

Mjukuu wangu ndiye ananiandikia, macho yangu yamechoka. Nimemwambia achape vile nasema, asirembeshe.

Watu wa Yamumbi mnamjua kama yule mzee wa kanisa wa kucheka kwa sauti. Mimi nilimjua tukiwa vijana, kabla ya Uhuru, kwa shamba la mzungu huko Soy. Yeye mpishi, mimi kazi ya nyumba na kusafisha bunduki.

Boss alikuwa anapiga nguruwe mwitu wanaoingia mahindi yake, anatumia risasi za jeshi, zile zilibaki baada ya vita. Hizo risasi zinaacha chumvi ya kuleta kutu ndani ya mtutu, na kwa macho huioni.

Wekesa alijua dawa yake. Boss akirudi tu, Wekesa anatoa birika ya chai kwa moto, tunamwaga maji yakichemka ndani ya mtutu. Chai ya boss ingoje!

"Maji moto, kitambaa kikavu, mafuta mwisho," alikuwa ananiambia.

Nilimuuliza kama mafuta peke yake haitoshi. Akacheka mpaka akashika meza. "Wewe, ukifunika kunguni na blanketi mpya, watawacha kukuuma?"

Siku moja ya mvua boss alirudi kupiga nguruwe, jikoni kulijaa wageni, na mke wangu akashikwa na uchungu wa kuzaa. Nikapaka bunduki mafuta tu, nikakimbia nyumbani.

Siku ya tatu nikarudi duty. Woi! Mtutu ulikuwa kutu tupu. Wekesa akachemsha maji, tukasugua mpaka vidole vikawa nyeusi. Kutu ikatoka, lakini chuma ilikuwa imeshaliwa.

Boss akachungulia ndani. "Nani alisafisha hii?"

Nilijua mwenye kosa analala nje ya shamba siku hiyo hiyo, yeye na familia. Mtoto wangu alikuwa na siku tatu.

Wekesa akasema, "Ni mimi, Bwana."

Alifukuzwa kabla ya chai ya saa kumi. Alipita na sanduku lake kichwani, akaniambia, "Enda uone mtoto."

Miaka mingi baadaye nilimuomba msamaha. Akaniambia, "Wewe ulikuwa na mtoto. Mimi nilikuwa na sanduku tu." Halafu akaitisha chai, mambo ikaisha.

Kwake iliisha. Mimi sikuwahi kuambia mtu mwingine.

Basi leo nasema mbele ya watu wote. Wekesa hakuharibu bunduki ya mtu. Ni mimi.

Yule mtoto wa siku tatu ndiye baba ya huyu ananichapia. Amesimama kidogo kuandika, analia. Nimemwambia aendelee.

Asante, Wekesa. Asante sana, ndugu yangu. Kesho nakuja kwa matanga yako, na maji ya chai nitachemsha mimi.

Sasa lala, umechoka. Lala salama.