Sista Filimbi na Kifua Kilichoulizwa

Alizaliwa wakati wa Kwaresima, katika chumba cha nyuma cha karakana ya magodoro, kitindamimba wa mshona magodoro. Nyuzi za pamba zilipeperuka hadi kitandani kwa mama yake. Hata kabla hajaota meno, kifua chake kililia kila alipovuta pumzi, ndipo kaka yake mkubwa akambandika jina la Filimbi. "Filimbi, mpira umekwisha, lala!" alimtania, huku akimsugua mgongo mpaka usingizi umchukue.

Alipotimiza miaka ishirini aliitikia wito, akapokelewa na masista, nao wakampa kazi aliyoizoea: kushona mito na magodoro. Kila alfajiri aliwasha mishumaa ya kanisa dogo, akaanzisha zaburi. Asubuhi moja, katikati ya mstari, pumzi ilimkatika. Alikohoa hadi akashikilia benchi. Wengine wakaimalizia zaburi. "Una nini, mwanangu?" aliuliza Mama Mkuu. "Mafua tu, Mama." Jibu hilo alilirudia kwa miezi, maana nadhiri zake zilikaribia, na wanovisi, yaani wasichana walio bado mafunzoni, wenye vifua vibovu walikuwa wakirudishwa kwao.

Lakini Bwana alikuwa amemjalia udadisi. Alianza kukichunguza kikohozi chake kama mwenye nyumba amchunguzavyo mgeni asiyeaga: kinaingia lini, kinapenda kukaa wapi? Bustanini kilinyamaza. Jikoni kilinung'unika. Alipofungua gunia la pamba, kifua kilipiga filimbi hadi masista wakageuka. "Kumbe ni wewe!" aliliambia gunia, akacheka, kisha machozi yakamtoka, kwa sababu sasa alijua, na kujua kulimdai aseme. Alisali, akaenda kubisha kwa Mama Mkuu. "Si mafua, Mama. Nashindwa kupumua, na naogopa utanirudisha nyumbani." Mama Mkuu alimtazama kidogo. "Vaa viatu," alisema, "tunakwenda hospitali." Daktari aliutaja ugonjwa kuwa pumu, akampa dawa ya kuvuta, akamkataza pamba. Nadhiri aliweka, akapangiwa kuhudumia wagonjwa.

Tangu hapo, kila aliyekohoa mbele yake aliulizwa swali lile lile: "Kinakubana ukiwa wapi?" Kisha alimshika mkono, akamfikisha kwa daktari. Mpishi wa shule, aliyekuwa akihema miaka mingi, alipata nafuu baada ya sista kuwasihi wakubwa watoboe ukuta juu ya majiko. Watu waliita muujiza. Yeye aliita dirisha. Mtu mmoja tu alimshinda, kaka yake, aliyerithi karakana na kikohozi chake. Kila alipomuuliza, kaka alijibu, "Kinanibana nikikuona wewe!" Wote wawili wakacheka, naye sista akarudi utawani akiwa na simanzi.

Alifariki kwa amani, akiwa mzee, dirisha likiwa wazi kama alivyoomba. Waamini hukumbuka upole wake, nasi twapaswa kuiga ujasiri wake wa kuuliza na wa kusema. Kwenye misa ya mazishi, watu walipokuwa wakimsifu mmoja mmoja, kaka yake alisimama. Alifungua kinywa kwa utani, kikohozi kikamkaba. Kanisa zima lilingoja. Alipopata pumzi, aliliangalia jeneza.

"Karakanani, Filimbi," alisema. "Kinanibana karakanani, tangu zamani. Naogopa. Jamani, nipelekeni hospitali."