Mlango Unaofungukia Barabarani

Seremala wa mtaani kwetu, ambaye wote tunamwita Msumari, ameishi kando ya barabara tangu aoe. Kila halmashauri inapoikarabati, humwaga lami mpya juu ya ile kuukuu bila kuikwangua, hivyo barabara hupanda na nyumba yake hubaki chini. Hata hivyo, mashimo yalikuwa yamemchosha, na kwenye mkutano wa mtaa ndiye aliyedai lami kwa sauti kuliko wote.

Juzi mchana lami ilimwagwa yeye na mkewe wakiwa ndani wanakula. Walipomaliza, aliusukuma mlango ukagoma, kwa kuwa unafungukia nje, na nje sasa kulikuwa juu kuliko ndani. Dirishani kulikuwa na nondo alizoziweka mwenyewe kuzuia wezi. Akamwita msimamizi wa ujenzi kupitia hapo.

"Vumilia, mzee wangu. Lami bado ya moto."

"Ikipoa mtaikwangua?"

"Kukwangua hakumo kwenye bajeti."

Mkewe alicheka. "Si uliiomba mwenyewe, baba watoto? Imekuja kukuamkia."

Msumari akachukua msumeno.

"Ukikata hapo chini, mvua ikinyesha maji yote ni yetu," mkewe alisema, sasa bila kucheka.

"Na nisipokata?"

Msumari akapiga magoti, akaukata mlango aliouunda mwaka wa harusi yao. Jioni alisimama juu ya lami laini isiyo na shimo hata moja, akaona barabara yote imeinamia kizingiti chake.