Mashine Isiyoitika

Siku yangu ya kwanza ya kazi pale chuo kikuu nilivaa shati la kaka yangu. Viatu nilivibeba mkononi kutoka mtaa wetu wa Kinama mpaka mtaa wa Nyakabiga, ndipo nikavivaa, maana majengo ya chuo yalikuwa pale juu kidogo tu na sikutaka wanione na vumbi. Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na kipande kidogo cha ile inayofuata, lakini kichwani mwangu nilikuwa tayari profesa. Nilijua wananiajiri kufungua milango ya madarasa, na mlango ukishafunguka, nani atanizuia kuingia?

Kumbe walitaka mtu wa kubeba manyeto.

Ninyi vijana hamkuiona. Ni mashine ya kunasa sauti, nzito kama nusu gunia la maharagwe, na mkanda wake ulinikata bega mpaka alama ikabaki. Juu ina magurudumu mawili. Kanda, yaani utepe mwembamba wa rangi ya kahawia, inatoka gurudumu la kushoto, inapita kwenye kichwa cha mashine, inajikunja kulia. Kichwa ndicho kinachonasa sauti, na kila jioni nilikisugua kwa pamba yenye spiriti. Kuna sindano ndogo ya kuonyesha nguvu ya sauti. Ikiruka kwenye nyekundu, ujue mtu anafoka. Na jambo moja msilisahau: ukinasa sauti mpya juu ya kanda iliyotumika, ile ya zamani inafutika yenyewe.

Niliwekwa katika Seksheni, yaani idara, ya Historia na Lugha. Mkuu wetu, Shefu wa Seksheni, alikuwa Mrundi aliyesoma Ulaya, mtu mpole, suruali yake imenyooka saa zote. Kazi yetu ilikuwa kuwafuata wazee, kunasa maneno yao na kuyarudisha chuoni ili wanafunzi wayasome. Nilichanganyikiwa tangu siku hiyo. Kwetu wazee walisema bure kila jioni, na hakuna aliyelipwa mshahara kwa kuwasikiliza. Nilipomuuliza Shefu, alicheka, akaniambia nifanye kazi vizuri, na masomo ya mwaka unaofuata yakianza ataniruhusu kukaa nyuma ya darasa kama msikilizaji huru, yaani mtu anayehudhuria bila kuandikishwa. Ahadi hiyo niliishika kama yai. Nililala nayo, niliamka nayo.

Sheria ya kwanza ya Shefu ilikuwa kunyamaza. Kanda safi, alisema, ni ile yenye sauti moja.

Tulianzia Carama, kwa mzee mmoja aliyekuwa na shamba la mihogo pembeni kabisa ya mtaa. Tulimpelekea mtungi wa pombe ya ndizi, tukakaa, nikawasha. Alianza kueleza jinsi mama yake alivyovuka tambarare ya Rusizi mwaka wa njaa, amebeba moto ndani ya kigae cha chungu. Alisema kidogo tu, kisha akanyamaza, akatazama mikro, kile kipaza sauti cha mashine, akanitazama mimi. Alisema kwa Kirundi. Nayaweka hapa kwa Kiswahili chetu:

"Mutoto wangu, hii mashini yako haiitike. Mutu asiyeitika, mi ntajua aje kama anasikia?"

Ni kweli, kwetu mtu mzima akisimulia unaitika. "Ego," unasema, yaani ndiyo, kila anapovuta pumzi. Usipoitika, umemwambia afunge mdomo. Nilimtazama Shefu, naye akainua mabega. Basi nikaitika, na mzee akaendelea mpaka kanda ikaisha. Toka siku hiyo sauti yangu iko kwenye kanda zote za seksheni: ego, ego. Shefu alilalamika kwamba nimeharibu sayansi, lakini alikuwa akitabasamu.

Halafu fedha zikapungua. Namna zilivyopungua sikuelewa na sielewi, maana chuo kilikuwa palepale na watu walewale. Mwenye kushika mfuko wa chuo tulimwita Bwana Ekonomu. Alikuwa mtu wa milimani, mpana, mwenye koti jeusi lisilotoka mwilini hata jua likiwaka. Aliagiza chaki zikatwe vipande viwili. Aliagiza taa za kwenye veranda yetu zizimwe, za Agronomia, wale wa kilimo, ziachwe. Mwishowe ikatoka habari kwamba seksheni yetu inaweza kufungwa, na tume itakuja kuangalia ina faida gani.

Sikulala. Seksheni ikifungwa, hakuna darasa, na bila darasa nyuma yake pako wapi?

Shefu aliamua kwamba badala ya kuongea sana, tume imsikie mzee wa Carama mwenyewe. Nikaambiwa nimlete, ninase kikao chote, na nisiitike. Alinishika bega nilipotaka kusema neno.

"Mbele ya hawa mabwana apana, kijana. Wataona tunacheza ngano za jikoni. Leo sauti moja."

Mzee alikaa kwenye kiti cha mbao katikati ya ukumbi. Mabwana wa tume walikaa upande wa pili wa meza ndefu, wamekunja mikono, wametulia kama watu wenye adabu ya Ulaya. Nikawasha. Mzee akaanza: mwaka wa njaa, tambarare, kigae cha chungu. Akavuta pumzi. Kimya. Akasema tena kidogo, akasimama. Sindano ya mashine ikalala. Shefu alikuwa ananikazia macho, nami nilikuwa nimeuma ulimi.

"Mumelala?" mzee akauliza. "Mi nasema na ukuta?"

Alishika fimbo yake kutaka kuinuka, na niliona seksheni yetu inainuka naye inaenda zake Carama.

Ndipo nikasikia, kwa sauti nzito, kutoka upande wa mabwana:

"Ego, muzee."

Alikuwa Bwana Ekonomu. Nadhani hakujua kama amesema. Mzee alikaa vizuri, akamgeukia yeye peke yake, akaendelea. Mama yake alipita nyumba kwa nyumba. Penye jiko lililozimika aliacha kaa la moto, wakampa pa kulala. Ego. Mvua ikamkuta njiani, akakiinamia kigae kwa mgongo wake. Ego, muzee. Ekonomu alikuwa ameegemea mbele, koti limefunguka, anaitika kama mtoto wa nyumba. Mabwana wengine walimtazama kwa mshangao. Moyoni nilikuwa nimeshakaa nyuma ya darasa.

Mzee alipomaliza, Ekonomu alifunga koti lake. Akamshukuru kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Shefu.

"Nimesikia vizuri, Bwana Shefu. Lakini nchi inataka waganga wa hospitali na watu wa kahawa. Mnafunga mwisho wa mwaka."

Tukafunga. Shefu alipelekwa kufundisha sekondari mikoani. Mimi, manyeto na kanda zote tulihamishiwa Agronomia, na Profesa wa Magonjwa ya Kahawa aliagiza masomo yake yanaswe juu ya kanda zilezile, kwa kuwa mpya hazinunuliwi. Niliomba, nikakataliwa. Kwa hiyo wazee wetu walifunikwa mmoja mmoja na kutu ya majani ya kahawa. Lakini nisiseme uongo: kahawa ya mjomba wangu ilipona kwa masomo yale. Sasa nimchukie nani?

Nilifanya kazi hapo mpaka kustaafu. Leo vijana wa Nyakabiga wananiuliza kama kusoma historia na lugha kuna faida, maana wazazi wao wanasema apana. Mi sijui. Katika darasa la mambo hayo sikukaa hata siku moja. Ninachokijua ni hiki.

Miaka baadaye Bwana Ekonomu, amekwisha kuacha kazi na koti limekuwa kubwa kwake, aliingia stoo ya Agronomia. Akauliza kama kanda ya muzee wa Carama, ile ya siku ya tume, bado iko. Nikamwambia imenaswa masomo juu yake. Alitaka kuisikia hivyohivyo. Akakaa juu ya gunia la mbolea, nami nikaweka gurudumu. Tukasikiliza magonjwa ya kahawa kuanzia majani mpaka mizizi. Profesa akaaga wanafunzi, ikafuata kelele ndogo, na halafu, kwa kuwa somo lilikuwa fupi kuliko hadithi, mzee akatokea katikati ya neno. Mvua. Mgongo. Kigae. Na sauti nzito ikaitika: ego, muzee.

Yule aliyekaa juu ya gunia akaitika pamoja nayo.

Kanda ikaisha, gurudumu likawa linazunguka tupu. Nilisubiri aseme kwamba alikosea kuifunga seksheni. Alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Hata leo ningeifunga," akasema. "Rudisha nyuma kidogo."