Siku Nilipojifanya Mtendaji

Jamani, hili nimelificha muda mrefu, maana hata leo nikikutana na watu wa mfereji wa juu nageuza njia. Mimi ni karani wa ofisi ya kijiji huku Uru, na wiki ile Mama Mtendaji alikwenda Moshi mjini kwenye mafunzo, akaniachia kikaratasi: "Simamia ofisi mpaka nirudi." Basi, maneno manne tu. Lakini mimi (kichwa maji!) nikakalia kiti chake, na familia mbili zilipokuja zinagombania zamu ya maji, badala ya kuwaambia wasubiri nikaandika tangazo, "Naamuru mfereji ufungwe mpaka wahusika wapatane," nikagonga muhuri, na chini ya sahihi nikaweka Mtendaji wa Kijiji, hata neno Kaimu sikuliandika, niliona linanipunguza.

Siku ya pili asubuhi nasikia kelele nje, nachungulia, watu kama thelathini na majembe, miche yao ya kahawa imeanza kunyauka, ng'ombe hawajanywa, na mbele yao Mwalimu Anasia, aliyenifundisha Kiswahili darasa la sita, ameshika tangazo langu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani kakupa mamlaka ya kuamuru?"

Nikatoa kikaratasi. Akakisoma kwa sauti.

"Hapa pameandikwa simamia. Anayesimamia analinda kilichopo. Anayekaimu ndiye anayeshika madaraka kwa muda, tena kwa barua. Wewe hukukaimishwa, na umeamuru. Hiyo inaitwaje?"

"Kujitwalia, mwalimu."

"Sema wasikie walioko nyuma!"

Nikarudia kwa sauti. Mzee mmoja akaja mbio akanyanyua jembe, nikafumba macho nikajua leo nimekwisha, kumbe ananikabidhi.

"Kafungue mwenyewe."

Nikapanda na suruali yangu ya ofisini mpaka kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingilia mferejini, umati unanifuata nyuma kama tunakwenda kuzika, nikachimbua udongo uliozibia mfereji tangu tangazo langu, maji yakaja kwa nguvu yakanibwaga chali kwenye tope, na hapo ndipo walipocheka, na zile familia mbili zikapatana papo hapo, katika kunicheka mimi.

Mama Mtendaji aliporudi alinipa barua ya onyo (hiyo nayo niliisoma mara tatu nisije nikaielewa vibaya). Nimeapa: nikiachiwa ofisi tena, nitafungua mlango, nitapokea barua, jioni nitafunga mlango.