Vitunguu Vilivyorudi Muhumba

Weka simu chini kidogo, mwanangu, na moto uupunguze. Nimekuona unavyomtazama huyo mpishi wa kwenye video, anayetia vitunguu kwenye mafuta na kufumba na kufumbua vimeiva. Vitunguu havipikwi hivyo. Vuta kigoda, tuvikate pamoja, nami nikusimulie siku moja ambayo vitunguu nusura vinikoseshe mume. Babu yako, ndiyo, huyo huyo anayekoroma pale sebuleni.

Nilikuwa msichana wa Kadutu, mtaa wa soko kule mlimani, nina diploma mpya na mdomo mrefu kuliko diploma. Babu yako kwao ni Muhumba, kwenye nyumba zenye maua uani, kwa watu wa ofisi. Alipowaambia wazazi wake kwamba amenipata, mama yake, Maman Georgine, akasema vizuri, nije nipike Jumapili, na dada ya Papa, yaani mume wake, aje kuonja. Huyo dada, wote walimwita Tantine, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo ule. Alikuwa ameshamkataa msichana mmoja kwa sababu ya chumvi, na mwingine kwa sababu alicheka sana. Nilimpenda babu yako, mwanangu, sikufichi.

Maman Georgine alikuwa mwalimu. Na unawajua wasomi wa mji wetu: sentensi inaanza kwa Kiswahili, inapitia kwenye Kifaransa, na kama mtu amekasirika inamalizikia kwa Mashi, lugha ya wazee wetu. Akaniuliza kama Kifaransa ninasikia, yaani ninakielewa. Nikajibu ninasikia sana, Maman, shuleni nilikuwa wa kwanza. Nilikuwa wa kwanza kwa kuhesabu kutoka chini, lakini hilo hakuniuliza.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Tumbo la Papa halikupatana na nyanya, kwa hiyo sosi yao ilikuwa ya vitunguu vitupu: vitunguu, mafuta, unga kidogo na maji yaliyochemshiwa nyama. Inamwagwa juu ya nyama, bugali inachovywa humo, watu wanashukuru Mungu. Maman Georgine akachungulia kikapu nilichokuja nacho kutoka sokoni, akakitazama kitunguu kimoja, akakunja midomo. Halafu akajifunga kitambaa cha kwenda misa, akanigeukia akiwa mlangoni.

"Bitunguru, ubifanye revenir mbele ya yote. Usisahau, ma fille."

Vitunguu kwanza, na tayari ananiita binti yake! Akaenda zake.

Sasa sikiliza. Revenir, kwa Kifaransa changu mimi, ni kurudi. Mtu alitoka, amerudi, basi. Kumbe jikoni kwa Wafaransa neno hilo lina kazi nyingine: kufanya kitunguu kirudi ni kukikaanga polepole kwenye mafuta mpaka kilainike na kubadili rangi. Kwa nini kitunguu kirudi wakati hakikwenda popote, waulize wenyewe. Mimi nilisikia jambo moja tu: vitunguu virudishwe. Nikakumbuka midomo ilivyokunjwa, nikajua amevikataa. Nikasema moyoni, huu ni mtihani, wanataka kuona kama mtoto wa Kadutu ana ujasiri wa kumrudishia mchuuzi mali yake.

Ningeweza kumkimbilia njiani nimwulize, Maman, virudi wapi? Lakini aliyejisifu Kifaransa ataulizaje? Maji nilishayavulia nguo. Nikafunga vitunguu vyote kwenye kitenge, nikapita Nyawera, nikapandisha Kadutu, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha lile tope letu linalomvua mtu viatu bila ruhusa.

Mchuuzi aliitwa Mama Nsimire. Alikuwa akimwuzia mama yangu vitunguu tangu mimi nikibebwa mgongoni. Nikamwekea kitenge mbele yake, nikamwambia mama mkwe amesema virudi. Akakifungua, akanusa kimoja, akaminya kingine. Ndiyo siku pekee niliyoona kitunguu kikimliza mtu kabla hakijakatwa. Akauliza vitunguu vyake vina kosa gani. Nikakimbia, kitenge nikakiacha huko huko.

Utauliza kwa nini sikununua vingine. Mwanangu, nilidhani Maman anavyo vyake, vya maana, ndiyo sababu vyangu vimekataliwa. Nikatafuta kabatini, nikatafuta uvunguni, nikaingia hata chumba cha makala, makaa ya kupikia. Hakuna hata ganda. Na misa ilikuwa imekwisha, nawasikia wageni wakicheka getini. Nikatia mafuta, nikatia unga, nikatia maji ya nyama. Kikatoka kitu cheupe, kizito, nikakitazama na chenyewe kikanitazama.

Mezani Papa aliingiza kijiko, akakoroga, akakitoa, akakiingiza upande wa pili, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Aliyesema ni Tantine.

"Mutoto, bitunguru biko wapi?"

"Nimebirudisha, Tantine."

Maman Georgine akatabasamu. Alidhani nimetia Kifaransa chake kwenye Kiswahili. "Eeh, vizuri, umebirudisha. Sasa biko wapi?"

"Ku soko, Maman."

Babu yako akawa anasoma dari. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuwa mlango, maana uligongwa saa ile ile. Akaingia Mama Nsimire, tope mpaka magotini, kitenge changu kichwani. Kwamba naposwa Muhumba, soko zima lilijua; alikuwa ameuliza nyumba kwa nyumba, wapi wanapoishi watu wanaodharau vitunguu. Hakusalimia. Akavimwaga vyote mezani, kimoja kikaviringika mpaka kwenye sahani ya Tantine, na akasema haondoki pale mpaka aonyeshwe kilichooza.

Maman Georgine akavitazama vitunguu, akanitazama mimi, na nikaona neno lake mwenyewe linamrudia. Akacheka mpaka akashikilia meza. "Basi," akasema, "bimerudi. Tupike."

Papa hakucheka kwanza. Aliweka kijiko chini, akanitazama kwa upole ulioniuma kuliko kofi.

"Binti yangu, mudomo yako inajua kusema ndiyo. Uifundishe kusema 'sijasikia'. Iyo neno haijaua mutu." Halafu akamgeukia mke wake. "Na weye, ukitaka mutu akaange, sema akaange."

Tukapika upya, wanawake watatu tumeizunguka mbabula, jiko letu la makaa, Mama Nsimire akiwa ndiye mkali kuliko wote. Makala yafunike kwa majivu, akasema, mafuta yasitoe moshi, nyunyiza chumvi vitunguu vitoe maji yao, usivikimbize. Kwanza vinapiga kelele, halafu vinanyamaza, halafu vinalegea na kuwa na rangi ya chai. Hapo ndipo unga, kiasi cha kubana kwa vidole, kisha maji ya nyama kidogo kidogo. Ile midomo iliyokunjwa? Nilimwuliza Maman, sasa nikiwa nimejifunza kuuliza. Ilikuwa jino linamuuma.

Tantine alikula, akapangusa sahani kwa bugali mpaka maua yake yakaonekana. Kisha akatoa hukumu niliyoingojea tangu asubuhi. "Tumuchukue mbiyo, mbele arudishe na kijana yetu." Yaani wanichukue haraka, kabla sijamrudisha na babu yako.

Umeona, vyako sasa vimeanza kunyamaza. Tia unga. Nakusimulia haya kwa sababu kesho unapanda gari la Uvira, kwenye kazi mpya, na utakaa kwa familia ya wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani. Kiswahili chao si hiki chetu. Kwetu supu ndiyo hii sosi ya kulowesha bugali. Wao watakuletea bakuli unywe asubuhi, na ndimu juu yake. Wakikutuma kitu usichokielewa, usitikise kichwa. Sema, Mama, sijasikia, nionyeshe. Watacheka kidogo, na kicheko ni chepesi kuliko kupanda Kadutu na vitunguu kichwani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na siku wewe ukiwa mkubwa ofisini, ukimtuma mdogo, mpe neno analolijua, si lile linalokupendeza wewe.

Mungu akutangulie, mwanangu, teremko lote mpaka Sange na mpaka huko mwisho wa barabara. Akupe majirani wema na mdomo usioona haya kuuliza. Mtu akikukunjia midomo, usidhani umekataliwa, huenda ni jino tu. Na siku ukichoka, ufanye revenir. Hiyo ya leo maana yake ni ile ile ya kwangu ya zamani, niliyoibeba kwenye kitenge: kurudi, hapa nyumbani. Haya, leta sahani, umwamshe na babu yako.