Dereva Aliyejishtaki Mwenyewe

Domina Wambura alikuwa dereva ambaye hata abiria mwoga husinzia garini mwake. Mzaliwa wa Mugumu, Tanzania, mkazi wa Riverdale Park, Maryland, Marekani, kufikia mwaka 2008 alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja akiwabeba wazee wa kituo kimoja cha kutunza watu mchana, huko Beltsville. Hakuwahi kukwaruza hata mlango. Kabla ya kurudisha gari nyuma alishuka, akalizunguka, akachungulia chini ya matairi, ndipo akapanda tena. Wenzake walimcheka. Aliwaacha wacheke.

Kisha kituo kikanunua magari mapya. Bampa la nyuma lilikuwa na vijicho vinne vilivyopiga kelele ukikaribia kitu, na kando ya usukani kulikuwa na skrini ndogo iliyoonyesha yote yaliyo nyuma. Domina alivitilia shaka hadi siku vilipoona nguzo fupi ya chuma ambayo yeye hakuiona. Tangu hapo akaviheshimu. Akaacha kushuka siku za baridi kali, halafu siku za mvua, na kiangazi kilipofika hakushuka tena kabisa. Hakuna siku aliyoamua kuacha. Tabia ilichujuka kama kitenge, kidogo kidogo kila kinapofuliwa.

Asubuhi moja ya Oktoba gari lake lilikuwa gereji, akapewa la zamani. Alifika kituoni na wazee wawili. Alimshusha Mzee Kibet, Mkalenjin anayetembea akiegemea chuma cha kutembelea chenye magurudumu, kisha akarudi kwenye usukani alisogeze gari nyuma kidogo, ili Mama Aketch ashukie karibu na mlango. Upepo ukapeperusha kofia ya mzee. Mzee akaifuata nyuma ya gari.

Domina alitega sikio. Kimya. Kwake yeye, kimya kilikuwa kimekuja kuwa na maana moja: njia nyeupe. Akaachia breki.

"Wewe Domina, simama!" Mama Aketch alipiga kelele, kiganja chake kikipiga kioo cha nyuma.

Alikanyaga breki kwa nguvu zote, akaruka chini. Chuma kilikuwa kimelala, mguu mmoja umepinda. Mzee Kibet alikuwa ameegemea gari, mzima, ameshika kofia.

"Wacha wasiwasi, mama," alisema. "Mimi niko sawa. Tutasema ilianguka tu."

"Hakuna mtu ameona," Mama Aketch akaongeza dirishani. "Na wewe uko na watoto."

Domina aliwaingiza wote wawili ndani, akawaketisha. Kisha akaenda moja kwa moja kwa meneja, Christopher, Mtanzania mwenzake.

"Nimegonga chuma cha Mzee Kibet, yeye mwenyewe kanusurika. Nilikuwa nangoja gari lipige kelele, na gari lenyewe halina kelele."

Christopher aliinuka, akafunga mlango. "Dada, nani mwingine anajua?"

"Najua mimi. Andika."

Akaandika, na Domina akasimamishwa kazi wiki mbili. Siku hiyohiyo alimpigia simu Abigail, binti wa mzee, akamweleza bila kujitetea. Abigail alifoka, akakata simu. Siku ya tatu akapiga mwenyewe. "Baba anasumbua," alisema. "Anauliza utarudi lini."

Aliporudi, aliomba kusema na madereva wote wanane. Alisimama mbele yao, mikono nyuma, akasimulia kila kitu.

"Mashine haikunidanganya hata siku moja," alimalizia. "Ndiyo maana nikaacha kutazama."

Kisha Ochieng, yule aliyezoea kumcheka kuliko wote, akakohoa. "Hata mimi, sista. Juzi nilirivasi gari ya bibi yangu nikingoja ipige kelele. Nikalaza pipa la takataka la jirani." Watu wakaangua kicheko, lakini hakikudumu, kwani mwingine alikuwa tayari ameinua mkono, na mwingine.

Wakakubaliana siku hiyo kwamba hakuna atakayerudi nyuma bila kulizunguka gari, liwe jipya au kuukuu. Januari, theluji ikiwa hadi vifundoni, ungewaona watu wazima wanazunguka magari yenye skrini zinazowaka, huku Mzee Kibet akilalamika kutoka kiti cha mbele:

"Domina! Unatafuta sindano huko? Mimi naganda!"

"Subiri kidogo, mzee wangu," alijibu, akiinama kuchungulia chini ya tairi.